Chupa ya Pili ya Namba Tisa

Karatasi ilisema hana. Ilikuwa na mstari mmoja tu katikati, chini ya nembo kubwa ya taasisi: protini haikuonekana. Nesi aliusoma haraka kama mtu anayesoma bei ya sabuni, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akakuta patupu, akaikunja mara mbili.

"Maana yake nini?" mume aliuliza.

"Maana yake vile vidonge vya utafiti havimfai mama. Vinafanya kazi kwa mtu ambaye uvimbe wake una hiyo protini. Wa kwake hauna. Ataendelea na matibabu ya kawaida."

"Hayo ya kawaida ndiyo yapi?"

Nesi alitazama mlango kama anayetamani mtu aingie. "Yakipatikana mtaitwa."

Mke alicheka kwa pua. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na tangu akatwe uvimbe wa titi mkono wa kushoto ulikuwa umemvimba kama uliotiwa maji. "Kumbe hata ugonjwa una sifa zake," alisema. "Ujanani nilikosa kazi kwa kukosa cheti. Sasa nakosa dawa kwa kukosa uchafu mwilini."

"Si uchafu, mama. Ni protini."

"Haya, protini. Si mngeniambia mapema, ningeazima kwa jirani."

Wanawake waliokaa kwenye benchi nyuma yake waliangua kicheko, hata yule aliyekuwa ameegemea ukuta amefumba macho. Wote walikuwa na karatasi kama ile. Mume hakucheka. Alikuwa anaitazama nembo ya taasisi, ileile iliyoshonwa kwenye mfuko wa magwanda yake ya kazi, na kitu fulani kilikuwa kinamtafuna ambacho bado hakujua jina lake.

Taasisi ilikuwa na mbele yake na nyuma yake. Mbele palikuwa na vioo, viti vya kuzunguka na maua ya plastiki yaliyokuwa yanafutwa vumbi kila Ijumaa. Nyuma, ukilipita tanuri la kuchomea takataka, palikuwa na banda la wanyama, na humo mume alikuwa amemalizia miaka kumi na sita ya nguvu zake. Walimwita Mzee wa Sungura. Mbele hawakumtaka apite na magwanda, walisema anaacha harufu. Lakini kila kilichofanyika mbele kilianzia mikononi mwake.

Mtu akimuuliza kazi yake alikuwa anaeleza hivi. Unachukua kitu cha binadamu, tuseme hiyo protini, unamdunga sungura. Mwili wa sungura unashtuka, unasema hiki si changu, unaanza kutengeneza kingamwili za kukikamata kitu hicho tu, si kingine. Unarudia mpaka zitimie sindano nne kwa miezi mitatu, mpaka damu yake inakuwa imejaa hizo kingamwili. Kisha unamtoa damu sikioni, unaiacha igande, na yale maji ya njano yanayobaki juu ndiyo mali yenyewe. Wenye elimu huko mbele wanayadondoshea kwenye kipande cha nyama ya mgonjwa, kipande kilichokatwa chembamba huwezi hata kukishika. Protini ikiwepo, kingamwili zinaing'ang'ania, wakitia rangi panageuka kahawia. Isipokuwepo, panabaki buluu.

Aliishia darasa la tano. Hayo hakuyasoma popote, aliyasikia akiwa ameshika sungura, kwa sababu wakubwa wana tabia ya kuongea mbele ya mtu wa chini kama vile wako peke yao.

Jumatatu mchana, wengine walipokwenda kula, alivua magwanda, akanawa mpaka viwikoni, akaingia maabara kwa mlango wa nyuma. Mpimaji alikuwa binti mmoja ambaye kila mtu alimwita Miwani. Ndiye pekee wa mbele aliyewahi kuja bandani kuuliza kama wanyama wameshinda salama.

"Mwanangu, nionyeshe ya mke wangu."

"Mzee, hairuhusiwi."

"Najua hairuhusiwi. Ingekuwa inaruhusiwa ningepita mlango wa mbele."

Miwani aliguna, akatoa kioo kidogo kwenye kisanduku, akakiweka chini ya darubini na kumsogezea kiti. Mzee aliinama. Aliona uwanja wa buluu, madoadoa ya buluu, mistari ya buluu. Hicho ndicho kilichokuwa kinamla mke wake, na kilikuwa kizuri kama kitambaa cha pazia.

"Buluu tupu," alisema.

"Kama wenzake."

"Wenzake gani?"

Binti alivua miwani akaisugua kwenye koti, kitu alichokuwa anakifanya akiwa na wasiwasi. "Wote, mzee. Tangu tuifungue hii chupa mpya sijaona kahawia ya maana. Zamani katika wagonjwa kumi, sita au saba walikuwa nayo. Sasa nimepima thelathini na wanne, hata mmoja hakuna. Nilimwambia Mkurugenzi. Akasema ndivyo walivyo wagonjwa wa mwaka huu."

"Si mna kile kipande cha kujipimia? Kile mnachojua kabisa kina protini, mnakiweka pembeni kuhakikisha dawa inaona?"

"Tuliambiwa tuache. Eti kinamaliza dawa bure. Chupa ya kwanza ilishapimwa ikaonekana nzuri, na ya pili ni ya sungura yuleyule, sasa mnapima nini tena?"

"Sungura gani huyo?"

"Si wako, mzee? Namba tisa."

Mzee aliendelea kuinama kwenye darubini muda mrefu baada ya kuacha kuona chochote. "Na hiyo ya kwanza," alisema mwishowe, "iliisha?"

"Imebaki kidogo. Nimeiweka kwenye barafu, sikuwa na moyo wa kuitupa."

Akashukuru, akatoka kwa mlango alioingilia. Alipofika bandani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Namba tisa alikuwa amekufa. Alikufa msimu wa joto uliopita, wakati kiyoyozi cha ofisi ya Mkurugenzi kilipoharibika na likaja agizo kwamba feni ya banda iazimwe kwa wiki moja. Wiki moja ikawa miezi miwili. Sungura hatoi jasho; anapumua haraka haraka, masikio yanakuwa ya moto, halafu analala ubavu. Mzee alimwagia maji sakafu, alitundika magunia mabichi madirishani, aliandika barua mbili kwa mwandiko wake wa kukwaruza. Wakafa wawili kabla ya namba tisa. Kwenye mlango wa banda palikuwa na tangazo lenye muhuri: akifa wa tatu ndani ya mwaka mmoja, mkataba wa mtunzaji hautaongezwa. Aliyeandika tangazo hilo alikuwa amekaa mbele ya feni.

Asubuhi aliyomkuta namba tisa amekakamaa, zilikuwa zimebaki siku kumi na nne kabla ya kutolewa damu ya mwisho, ile nyingi ya chupa ya pili. Sungura wote walikuwa weupe, macho mekundu, ndugu wa tumbo moja. Namba zao ziliandikwa kwa wino ndani ya sikio, na wino ulikuwa unafifia, kila Jumatatu yeye ndiye aliyekuwa anaukoleza. Basi akamchoma namba tisa kwenye tanuri, akachukua mmoja wa akiba, akamwandika tisa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa hila, aliona haitoshi. Alitafuta kwenye friji ya banda, akakuta masalia ya ile dawa ya kudunga, akamchoma mgeni sindano moja kwa mkono wake. Aliwaza kama baba: mtoto aliyekosa chanjo si anachanjwa tu? Zile sindano nyingine tatu aliamini zilikuwa za kukazia.

Kumbe zile za kukazia ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Mke alikuwa anashona sare ya shule. Mguu ulikanyaga cherehani, mkono wa kulia uliongoza kitambaa, wa kushoto ulilala mezani umetulia kama wa mtu mwingine. Mume alisimama mlangoni mpaka mshono ukafika mwisho.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Bado."

Alimwambia yote, amesimama vilevile. Alipomaliza, mke alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo namba tisa aliyenipima mimi si namba tisa."

"Siye."

"Ulimwandika aliye hai namba ya maiti."

"Walichukua feni, mama watoto. Barua gani sikuandika? Ningefanyaje? Na wewe ndio ulikuwa umeanza kulalamika titi, nikasema nikikosa kazi sasa hivi—"

"Usiniweke mimi humo." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, na ilikuwa mbaya zaidi. "Usinibebeshe na sungura. Huo mzigo ni wako, na wa huyo mwenye feni. Mimi nina wangu."

Mke aliinua mkono wake uliovimba kwa ule mzima, akaulaza mapajani.

"Sasa mimi ninayo au sina?"

"Hakuna anayejua. Imebaki ya zamani kidogo. Mkubwa akikubali, unapimwa upya."

"Basi unasubiri nini hapo mlangoni? Unataka nikushonee na suti ya kwendea?"

Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya Mkurugenzi tangu saa mbili mpaka saa tano. Katibu alifungua dirisha, akasema ni kwa ajili ya hewa. Alipoingia hatimaye, feni ya banda ilikuwa pale pale kwenye kona, imegeuziwa meza, ingawa kiyoyozi kilishatengenezwa zamani. Aliijua kwa lile bawa lililopinda.

Alisema kwa kifupi, jinsi alivyojipanga njiani. Sungura alikufa. Nikambadilisha. Chupa ya pili ni ya sungura mwingine. Wale wanawake hawajapimwa, wamedanganywa, na mmoja ni mke wangu.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, aina ile ya wakubwa wasiogombeza mtu kwa sababu hawajawahi kuhitaji. Alinyanyuka akafunga dirisha, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Binti wa maabara?"

"Hajui," mzee alisema, na hiyo ilikuwa kweli nusu tu.

"Unajua ulichofanya kinaitwaje, mzee? Hicho ni kughushi. Kuna watu wamefungwa kwa kidogo kuliko hicho."

"Nifungeni. Lakini mpimeni kwanza."

Mkurugenzi alizungusha kalamu mezani. Alitazama kalenda, akamtazama mzee, akatazama kalenda tena. Aliposema, alisema kama anayemfanyia hisani ndugu. Ile chupa ya zamani ingetolewa. Mke wa mzee angepimwa upya, kimyakimya, ionekane karatasi ya kwanza ilichanganywa. Akiwa nayo anaanza vidonge wiki hiyohiyo. Mkataba wa mzee usingeguswa. Suala la wengine lingetazamwa baadaye, ripoti ikishakwenda kwa wafadhili.

"Ripoti inakwenda lini, mheshimiwa?"

"Mwezi wa sita."

"Na sisi tuko mwezi wa kwanza."

"Mzee wangu, unataka mke wako apone au unataka kunifundisha kalenda?"

Mwandishi wa mambo haya hana la kumlaumu mume kwa alichojibu. Anayemlaumu aende akakae kwanza pembeni ya kitanda cha mtu wake, asikie anavyogeuka kwa kuibia ili asimwamshe, halafu arudi aseme. Mume alisema: "Nataka apone."

Wakapeana mkono. Mkurugenzi akaupangusa wake kwa kitambaa.

Siku ya tatu Miwani alikuja bandani mbio, koti limefunguka. "Kahawia, mzee! Kahawia imejaa, utadhani mtu kamwaga kahawa!" Alimkumbatia na harufu yake yote. Furaha ilimpanda mzee mpaka kooni, na ilipofika hapo ikakuta kitu kingine kimeketi.

Nyumbani mke alipokea habari akiwa anatia uzi kwenye sindano. Aliufumba mdomo kwa nguvu, machozi yakamlenga, akaendelea kutia uzi mpaka ukapita.

"Na wenzangu?"

"Watatazamwa."

"Lini?"

"Baadaye kidogo."

"Baba watoto, mimi nimeishi na wewe miaka ishirini na mbili. Ukisema 'kidogo' huwa unaficha gunia."

Basi akalifungua gunia. Mwezi wa sita, ripoti, mkataba, mkono waliopeana. Alisema akitazama sakafu, na kila neno lilipotoka lilikuwa dogo na chafu kuliko alivyolisikia ofisini.

"Kuna msichana pale kwenye benchi," mke alisema, "ananyonyesha kwa upande uliobaki. Huyo naye umemwekea mwezi wa sita?"

"Nimeahidi kunyamaza. Nikifungua mdomo wanakutoa wewe. Unanielewa? Wewe. Wanakutoa."

"Nimekuelewa."

"Basi niahidi."

"Wewe ndiye uliyempa mkono, si mimi," mke alisema, akarudi kwenye sare yake. Hakuongea tena jioni ile, wala kesho yake. Mume alichukulia kwamba amekubali, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuchukulia.

Siku ya vidonge walifika mapema. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ilikuwa pia siku ya wale wa matibabu ya kawaida kuja kuambiwa hayajapatikana. Mke alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, mkono mmoja mpana kuliko mwingine, na kwa ufundi wake usingejua mpaka uambiwe. Aliitwa dirishani. Nesi, yuleyule, alimpa kikombe cha maji na kidonge kwenye kifuniko cha chupa.

"Nesi, nikuulize. Nikishameza, wanaweza kuninyang'anya?"

"Kukunyang'anya nini, mama? Ukishameza, namba yako inatumwa kwa wafadhili leoleo. Kukutoa baada ya hapo ni kesi. Waandike sababu, wasaini watu watatu, wafadhili nao waje waulize."

"Kwa hiyo kabla ya kumeza mimi si mtu, nikishameza nakuwa mtu."

"Ukishameza unakuwa namba," nesi alisema, naye akacheka kidogo.

"Inatosha."

Akameza. Akanywa maji yote. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye daftari, akahakikisha nesi ameandika tarehe na saa. Kisha akageuka akautazama ukumbi, na mume, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akajua. Miguu ilimwambia akimbie amzuie, ikabaki palepale.

"Jamani wenzangu," mke alisema, kwa sauti ile ya kumwita mteja aliyesahau chenji. "Mnaonijua mnanijua, mimi fundi. Niliambiwa sina, kama nyinyi. Juzi wamenipima kwa dawa nyingine, kumbe ninayo. Ile waliyowapimia nyinyi ni mbovu. Haioni kitu. Wanajua, na wamepanga kuwaambia mwezi wa sita."

Halafu yule msichana mwenye mtoto akauliza, "Umejuaje, dada?"

Mke alimtazama mume wake, akamsubiri. Ukumbi mzima ukafuata macho yake mpaka mlangoni.

"Sungura alikufa," mzee alisema. "Aliyetoa ile dawa alikufa kwa joto, nikaogopa kazi, nikaweka mwingine. Dawa mbovu nimeitengeneza mimi. Wenyewe wakaacha kuipima. Nzuri imebaki kidogo, iko kwenye barafu, chumba cha tatu kulia."

Mmoja alimtukana tusi zito, la mama. Mwingine alimrushia kiatu, kikampata begani. Aliwaacha. Kisha, wakiwa kumi na mmoja, wale walioweza kusimama wakawashika wale wasioweza, wakaenda chumba cha tatu kulia, wakakaa kwenye sakafu ya korido ile yenye maua ya plastiki. Mlinzi aliitwa, akaona akina mama waliofungwa bandeji vifuani, akasema yeye ameajiriwa kuzuia wezi. Mkurugenzi alikuja na sauti yake ya chini, lakini sauti ya chini haisikiki mtoto akilia. Saa tisa alasiri Miwani alifungua mlango kutoka ndani, chupa mkononi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mzee alifukuzwa kabla ya saa kumi. Barua ilikuwa tayari imechapwa. Ilibaki kujazwa tarehe tu.

Kupima wote kulichukua wiki tatu, kwa vitone, Miwani akiipunguza dawa kwa maji mpaka mwisho wa uwezo wake. Mke hakutolewa kwenye orodha. Hapakupatikana watu watatu wa kusaini sababu. Msichana mwenye mtoto alikuwa nayo. Wengi walikuwa nayo. Watatu walikuwa wameshakufa wakisubiri kuitwa, na kwenye ripoti mbele ya majina yao pakaandikwa kwamba hawakuendelea kufuatilia matibabu. Ndivyo ilivyoandikwa, kana kwamba wamehamia mtaa mwingine.

Akabaki mmoja, mwanamke mpiga pasi wa nguo za watu, ambaye simu yake haikupokelewa na aliyeishi nje kabisa ya mji, kule barabara inakoishia. Taasisi ilisema imetimiza wajibu, imempigia mara mbili. Miwani alimwambia mzee: "Imebaki ya mtu mmoja. Kipande cha nyama yake ninacho, lakini sheria inataka aje asaini mwenyewe. Na ile haikai, nimeshaiyeyusha, ni leo tu. Mkimleta leo, nitakuwepo mpaka saa kumi na moja."

"Kwa nini uende wewe?" mke alimuuliza. Alikuwa anakula, siku hizo alikuwa ameanza kula. "Si watume gari?"

"Gari wanalo. Hawalitumi."

"Watakupiga huko."

"Wanipige."

Mke alimtazama, kisha akamfungia chakula kwenye kitambaa. Tangu siku ya ukumbini lilikuwa jambo la kwanza kumfanyia bila kuombwa.

Alifika saa sita kasoro. Nyumba ilikuwa chumba na kibaraza, na kwenye kibaraza mwanamume alikuwa anapiga pasi shati jeupe, vibaya, akirudia mkunjo uleule.

"Hodi hapa. Shikamoo... samahani, habari za kazi."

"Nzuri. Kama umefuata nguo, hazijawa tayari. Mwenyewe anaumwa."

"Namfuata yeye. Nimekuja kwa habari za taasisi."

Mwanamume aliisimamisha pasi. "Taasisi walisema hana. Wamekutuma kusema nini tena?"

"Hawajanituma. Wamenifukuza. Mimi ndiye niliyekuwa nawatunza sungura."

"Sungura?"

Akaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza hakutaja feni, wala barua, wala tangazo lenye muhuri. Alisema sungura alikufa akamficha. Alisema ile karatasi ni ya uongo, na kwamba huenda anayo, huenda hana, lakini leo mtu anaweza kujua na kesho hataweza. Yule mwanamume alikuwa amekunja ngumi muda wote. Mzee aliiona, akasogea karibu kidogo ili isipate shida kumfikia.

Sauti ilitoka ndani, nyembamba lakini kali. "Mwache. Aingie nimwone uso."

Chumba kilikuwa na harufu ya wanga na dawa ya maumivu. Mwanamke alikuwa amelala kwa ubavu, nguo za watu zimepangwa pembeni yake kwa rundo lililonyooka. Alimtazama usoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Miezi minne nimelala hapa nikijua sina. Nimeshagawa nguo zangu. Nimeshamwonyesha huyu namna ya kukunja kola, hajui bado." Akapumua. "Na unaweza kunipeleka kote huko, nikaambiwa tena sina."

"Inawezekana."

"Hunidanganyi hata kidogo tu, unitie moyo?"

"Nimeshadanganya vya kutosha."

Mwanamke alifumba macho. Nje gari lilipita, mlio wake ukapotea. Mzee alidhani amelala, akaanza kurudi nyuma.

"Unakwenda wapi?" mwanamke alisema. "Shika huu mkono. Si huo, huo unauma. Huu." Akainuka hatua kwa hatua, kwanza kiwiko, kisha bega, kisha miguu ikatafuta viatu sakafuni. "Baba nanihii! Chomoa pasi."

"Shati la watu bado upande mmoja," mumewe aliita kutoka nje.

"Chomoa, nimesema."

Mwanamume akachomoa pasi ukutani, akaja kumshika mkewe upande wa pili, wakatoka wote watatu.